Chembe za Ubongo Zinenapo Bila Kuulizwa

Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya kurasa za Kiswahili, alinitaka nieleze kazi ya maabara, kwa kuwa tangu nimalize shule ndiyo kazi inayonilisha hapa Juba. Nilidhani nitaandika habari za malaria, maana haipiti siku sijatazama damu ya mgonjwa kwa hadubini. Lakini liko swali moja nililoulizwa nyumbani kwetu jioni moja, nami sikuwa na jawabu, na jawabu lenyewe nikalipata baadaye mahali nisipotazamia. Basi nitawaeleza hilo, na malaria ingoje toleo jingine.

Mjomba wangu anakaa Maridi, upande wa magharibi kutoka hapa, kwa njia ya Mundri. Mwanawe alipotimiza miaka kumi na miwili alimleta kwetu ili apate matibabu. Mtoto alikuwa mpole, mwepesi wa kucheka, ila umbo lake lilikuwa dogo kuliko miaka yake. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa tunakula asida, ambayo jamaa zetu wa Kenya na Tanzania huiita ugali. Mara mkono wake ukasimama kati ya sahani na mdomo, macho yakabaki wazi, na kichwa kikaanza kuanguka kifuani na kuinuka, kuanguka na kuinuka, kama cha mtu anayesinzia garini. Baada ya kitambo kidogo kikatulia, naye akaendelea kula. Sisi wengine tulikuwa tumeacha. Alipoona tunamtazama aliona haya, akaniuliza kwa Kiarabu cha Juba, "Mimi sikukitikisa kichwa. Nani aliyekitikisa?"

Majirani walikuwa na jawabu tayari: pepo. Huko alikotoka, katika shule moja, alikalishwa peke yake karibu na mlango, na mwisho akaambiwa asirudi, kwa sababu wenzake waliogopa mate yake. Nami, mtu wa maabara, niliyefundishwa biolojia na kufaulu, nilikaa kimya.

Sasa nawaomba wasomaji tumwache mtoto kidogo na asida yake, twende katika maabara za mbali. Tutarudi kwake.

Katika Ulaya, Marekani na Japani wako wataalamu ambao kazi yao ni kuotesha chembe za ubongo katika kisahani cha kioo, kama vile sisi tunavyootesha miche ya nyanya kitaluni. Chembe hizi ndizo vitabu vya siku hizi huziita seli, na zile za ubongo na mishipa ya fahamu huitwa nyuroni. Mara nyingi huchukuliwa kwa panya aliye bado tumboni mwa mama yake, kutoka katika gamba la juu la ubongo. Kipande hicho hutiwa dawa ya kulegeza vifungo vilivyoshika chembe pamoja. Dawa moja inayotumika sana hutoka katika utomvu wa papai, ule ule ambao wapishi hulainishia nyama ngumu. Chembe zikiachana hubaki kama punje za mchanga, mikia yao imekatika, wala hakuna ijuayo jirani yake wa jana. Ndipo humwagwa maelfu kwa maelfu juu ya kioo kilichopakwa kitu cha kunata, zikapewa maji yenye sukari na chumvi za namna nyingi, zikawekwa katika kabati lenye joto la digrii 37, yaani joto la mwili.

Hazifi. Baada ya saa chache huanza kutoa nyuzi. Mwanzo wa elimu hii ni mwaka 1907, wakati Ross Harrison wa Marekani alipotazama kwa hadubini uzi wa neva ya chura ukikua ndani ya tone lililoning'inia, na kwa hilo akawanyamazisha waliokuwa wakibishana jinsi nyuzi za neva zinavyotokea. Katika kisahani chetu nyuzi hizo hukua, hupindapinda, hugusana, na baada ya siku kadhaa chembe zimeshikana upya kwa maungio ambayo hakuna aliyeyapanga.

Chini ya kioo hutegwa vijiwaya vyembamba mno, ambavyo wataalamu huviita elektrodi. Namna moja ya kisahani inayotumiwa sana ina karibu 60, na kati ya kimoja na kingine ni sehemu ya tano ya milimita. Mafundi wa kwanza wa vijiwaya hivi walifanya kazi hiyo katika miaka ya 1970, na mwaka 1980 Jerome Pine wa California alieleza jinsi alivyosikiliza kwa njia hiyo neva zilizooteshwa kisahanini. Kazi ya vijiwaya ni kusikiliza tu. Chembe ya ubongo hunena kwa umeme: hutoa mshtuko mdogo unaodumu kama sehemu ya elfu moja ya sekunde, kisha hunyamaza.

Hapa ndipo pana ajabu. Kisahani hakina jicho, hakina sikio, hakina ngozi, hakina mtu wa kukiamuru. Kimefungiwa kabatini gizani. Mtu angetazamia kimya tupu. Na siku za kwanza ni kimya kweli. Lakini wiki ya kwanza ikielekea kwisha, chembe moja hulia huku, nyingine kule, bila mpango. Baada ya wiki ya pili jambo hubadilika: kisahani kizima hulia kwa pamoja, kishindo kimoja cha nusu sekunde au zaidi, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha kishindo tena, usiku na mchana.

Aliyelala karibu na mto hapa Juba wakati wa mvua hahitaji kuelezwa sana. Chura mmoja hulia majanini, wa pili hujibu, mara vyura wote wa ukingo ule hupaza sauti hata mtu hasikii maneno ya mwenziwe. Halafu hunyamaza wote kana kwamba wameambiwa. Hakuna chura aliye kiongozi wa kwaya.

Mwaka 2006 Daniel Wagenaar, pamoja na Pine na Steve Potter, walitangaza habari za visahani 58 walivyovisikiliza katika wiki tano za kwanza za maisha yake. Waliona kwamba kila kisahani kilikuwa na tabia yake: kimoja vishindo vifupi vya haraka, kingine virefu vya mbali mbali, kingine vishindo vilivyofuatana kama makundi ya watu wanaotoka sokoni. Vilivyopandwa siku moja vilifanana zaidi kuliko vilivyopandwa siku tofauti, kama watoto wa baba mmoja wanavyofanana lakini mama akawatambua gizani.

Basi nani huamuru? Msomaji wa sayansi asiruke sehemu hii, maana ndiyo kiini.

Kila chembe ya ubongo ni kama betri inayojichaji. Husukuma chumvi ya sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani, hivi kwamba ukutani mwake nguvu ya umeme imekaa tayari wakati wote. Lakini ukuta huo una milango midogo, na milango hiyo huvuja. Kwa chembe nyingi uvujaji ni mdogo. Kwa baadhi yake unatosha kuisukuma chembe hata ifike kiasi kile cha kushtuka, nayo hushtuka yenyewe. Kisha yako maungio. Chembe hunong'onezana kwa vitone vya kemikali vinavyomwagwa penye maungio, na vitone hivyo mara kwa mara huanguka vyenyewe, bila amri. Hili halikugunduliwa katika ubongo kwanza. Paul Fatt na Bernard Katz huko London walilionyesha katika msuli wa chura kwa makala yao ya mwaka 1952. (Chura amewafaa sana wataalamu wa neva, naye hajapata hata medali. Katz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970.)

Sasa weka pamoja: chembe chache zenye kuvuja, na mtandao ambao kila chembe huwasukuma wenziwe wengi. Moja ikishtuka huwaamsha kumi, kumi huwaamsha mia, na kabla hujapepesa jicho kisahani kizima kimelipuka. Kwa nini hunyamaza? Kwa sababu vitone vya maungio huisha ghalani, na chembe huchoka. Ghala ikijaa tena, chembe ile ya kuvuja huanza upya. Hii ndiyo sababu ya kishindo na kimya. Haimo amri ndani yake, wala hapana wa nje aliyeingiza mkono.

Zipo dawa zinazothibitisha haya. Wasomaji waliokaa pwani wanamjua samaki bunju, yule ajivimbishaye kama mpira, ambaye mtu akila ini lake huenda asione kesho. Sumu yake huziba milango ya sodiamu. Itie kidogo katika kisahani, nacho hunyamaza kabisa, ingawa chembe zingali hai. Ioshe, na vishindo hurudi.

Dawa ya pili yatuhusu zaidi. Katika gamba la ubongo si chembe zote zinazochochea. Kama moja katika kila tano ni chembe za breki: humwaga kemikali iitwayo gaba, ambayo huwatuliza majirani. Zipo sumu zinazoizuia gaba isifanye kazi. Ukitia moja katika kisahani, vishindo huwa vikubwa zaidi na vikali, na mchoro wake kwenye karatasi humkumbusha daktari mambo ambayo amekwisha kuyaona kwa wagonjwa wake. Kisahani kimepatwa na kitu kilicho ndugu wa kifafa. Chembe ni zile zile na nyuzi ni zile zile, ila breki zimeondolewa.

Mtu asidhani kwamba kunena bila kuulizwa ni ugonjwa wenyewe. Mwaka 1929 daktari Mjerumani Hans Berger alitangaza kwamba ameupima umeme wa ubongo wa mtu kupitia ngozi ya kichwa, na ya kwamba mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi yake hayakomi. Hata kabla ya kuzaliwa mambo ni hayo. Katika macho ya wanyama wachanga ambao hawajapata kuona nuru, mawimbi ya umeme hupita nyuma ya jicho na kwenda ubongoni, na hayo husaidia kupanga nyuzi mahali pake, kama fundi anayejaribu waya kabla wenye nyumba hawajahamia. Mimi niandikaye na wewe usomaye tulijengwa na mishtuko isiyoamriwa na mtu. Naam, hata usiku huu umelala, chembe zako hazitanyamaza.

Wanafunzi wa kidato cha juu wataniuliza kama kisahani kinafikiri. Mwaka 2022 wataalamu wa Melbourne walitangaza kwamba chembe kama 800,000, za watu na za panya, zilizounganishwa na kompyuta, zilijifunza kidogo kurudisha mpira katika mchezo wa picha. Magazeti yalipiga kelele sana. Kwa maoni yangu kelele zilizidi kazi. Ubongo wa mtu una chembe kama bilioni 86, nazo zimepangwa. Kisahani ni kiraka cha shamba lililomea ovyo. Lakini kiraka hicho kilinipa jawabu la mwana wa mjomba wangu, nami sasa narudi kwake.

Alichopatwa nacho pale mezani huitwa ugonjwa wa kusinzia kichwa, nao ni namna ya kifafa. Madaktari waliwawekea watoto wa kaskazini ya Uganda vijiwaya kichwani, wakawapima wakati kichwa kinapoanguka. Mchoro ulionyesha umeme ukilipuka kwa pamoja, na misuli ya shingo ikilegea kwa nukta hiyo hiyo. Kichwa hakikusukumwa, bali kiliachwa. Kwa wengi wao jambo hili huja wakianza kula, kama nilivyoona kwa macho yangu.

Wala si ugonjwa wa jana. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge katika nchi ya Wapogoro, Tanganyika, aliandika habari za watoto walioangusha vichwa namna hii, na za wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wengi wana makovu ya moto walikoanguka. Kwetu Sudan Kusini ugonjwa ulijulikana zaidi kuanzia miaka ya 1990, katika nchi ya Mundri na Maridi, tena wakati wa vita.

Kwa nini huko? Mwaka 2011 watafiti waliwapima watoto 38 wenye ugonjwa na 38 wasio nao. Minyoo ya usubi, ile inayoleta upofu wa mtoni, ilionekana kwa asilimia 76 ya wagonjwa, na kwa asilimia 47 tu ya wale wengine. Mwaka 2018 watu walipita nyumba kwa nyumba Maridi wakahesabu: katika watu 17,652 wenye kifafa walikuwa asilimia 4.4, na katika mtaa wa Kazana 2, ulio jirani na bwawa, walifika asilimia 11.9. Kwenye maji yaendayo kasi penye mlango wa bwawa hilo ndipo inzi wadogo weusi waitwao usubi huzaliana, nao ndio wabebao minyoo. Minyoo yenyewe kwa kawaida haionekani ubongoni, na wataalamu wangali wakibishana jinsi inavyoufikisha ubongo kupoteza breki zake. Lakini kwa vitendo hakuna haja ya kungoja mabishano yaishe. Wenyeji wa Maridi wameingia majini na mapanga wakafyeka majani ambayo viluwiluwi vya usubi hujishikiza, na usubi wakapungua sana. Kadhalika iko dawa ya ivamektini, ambayo wengi huijua kwa jina la Mectizan, inayotolewa bure kwa watu wa kijiji kizima. Wako wanaoikataa kwa sababu huwasha mwili. Huwasha kweli, kwani ni minyoo michanga inakufa ngozini.

Na aliye mgonjwa tayari hutibiwa kwa vidonge vya kila siku. Kimoja cha zamani na cha bei nafuu ni fenobabitoni, ambayo Jilek-Aall aliitumia Mahenge. Kazi yake ni kuizidishia gaba nguvu. Yaani ni breki zile zile za kisahani! Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu maabara, na mwenzangu akadhani nimepata barua ya mshahara.

Jioni ile nilimwita kijana nikamchorea kisahani, vyura na breki nyuma ya karatasi ya kalenda. Nikamwambia, "Uliuliza nani aliyekitikisa kichwa chako. Hakuna. Chembe zako zimenena kwa pamoja, kama zinavyonena za kila mtu, ila zako zimekosa breki kwa nukta moja." Alitazama sana ule mchoro. Kisha akauliza kama vyura wana breki. Sikuweza kumjibu, lakini nilifurahi kwamba sasa alikuwa akiuliza habari za vyura.

Kwa wanafunzi mnaolala bwenini, maana siku moja mtaliona: mwenzenu akianguka kifafa, msikimbie. Ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlegezeni kola, mgeuzeni ubavu ili mate yatoke. Mate hayo hayaambukizi mtu. Msimshike kwa nguvu, wala msitie kijiko wala kidole mdomoni mwake. Tazameni saa, ikipita dakika tano hajatulia, mpelekeni hospitali upesi. Akizinduka, mwambieni yaliyompata kwa sauti ya kawaida, kisha mtu mmoja akae naye hata akili zimrudie. Na aliyekwisha kuanza vidonge asiviache ghafula kwa sababu amejiona mzima, kwani kuviacha ghafula ndiko kunakoleta mishtuko mibaya kuliko ya kwanza.

Mwana wa mjomba alirudi Maridi baada ya miezi mitano. Kichwa huanguka mara chache siku hizi, na kuna majuma ambayo hakianguki kabisa. Mwalimu mmoja wa huko amempokea darasani, amemkalisha safu ya pili. Vidonge vikikosekana kwao, mjomba hupiga simu, nami huvinunua hapa mjini na kumkabidhi dereva wa gari la Maridi alfajiri, vimefungwa katika mfuko wa plastiki pamoja na barua. Wakati wa mvua gari hukwama njiani hata siku tatu, kwa hiyo nimejifunza kupeleka vya miezi miwili.